Mkono wa Rubani

Kwa nini ndege moja humtii mtu huyu na kumkaidi yule

Asubuhi mapema, kabla jua halijaanza kuchemsha hewa ya nyika ya Athi, ndege ndogo za mafunzo huonekana zikizunguka juu ya Uwanja wa Wilson mjini Nairobi. Hupaa, hukata kona, huteremka, hugusa ardhi, kisha hupaa tena. Mtu akizitazama kwa muda wa saa moja ataona jambo la kustaajabisha. Ndege ni za aina moja, injini ni za aina moja, na upepo ni ule ule; lakini moja hushuka imetulia kama mwewe anayetua juu ya mti, na nyingine huja ikiyumba, pua ikipanda na kushuka, bawa hili likiinama kisha lile, hata mtazamaji hushika pumzi. Tofauti haimo katika chuma. Imo katika mkono ulioshika mpini.

Watu wa pwani walilitumia neno rubani zamani sana kabla ndege hazijabuniwa. Rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo penye miamba na mikondo, nahodha akiwa na amri ya safari, na mshika usukani akiwa na kana mkononi. Yeyote aliyepata kusafiri kwa jahazi ajua kwamba mshika usukani mzoefu hashindani na bahari. Huusogeza usukani kidogo tu, tena mapema, na chombo chenyewe humaliza kazi. Mgeni hungoja mpaka chombo kimekwisha kugeuka, ndipo avute kwa nguvu, nacho chombo hupita kiasi na kuelekea upande wa pili. Naye huvuta tena. Abiria wakitapika, yeye hulaumu mawimbi.

Jahazi lina usukani mmoja, kwa kuwa njia yake ni juu ya maji tu. Ndege ina sukani tatu, kwa sababu yaweza kugeuka kwa namna tatu. Mkiani mna ubao uliolala, unaoinua pua au kuiinamisha. Huo huendeshwa kwa kuvuta mpini au kuusukuma. Kwenye ncha za mabawa mna vibao viwili vinavyokwenda kinyume, kimoja kikipanda kingine hushuka, navyo huinamisha bawa moja na kuinua jingine. Tena mkiani mna ubao uliosimama wima, ambao ndio ndugu hasa wa usukani wa jahazi, nao huendeshwa kwa miguu juu ya pedali. Mkono mwingine wa rubani hushika kijiti cha kuongeza au kupunguza nguvu ya injini. Kwa hiyo viungo vinne vya mtu vina kazi kwa wakati mmoja, na kila kimoja chaweza kuharibu kazi ya mwenzake.

Mjenzi wa ndege humsaidia rubani kwa kukipa chombo utulivu wake chenyewe. Uzito huwekwa mbele kidogo, na mkia hufanya kazi ya manyoya ya mshale. Mwalimu humwonyesha mwanafunzi jambo hili katika siku za kwanza. Huiweka ndege sawa juu ya nyika, hurekebisha mizani yake, kisha humwambia mwanafunzi, "Ondoa mikono, bwana." Mwanafunzi hasadiki. Huondoa vidole viwili, akabakiza vitatu. Hatimaye huachia, na mwalimu huusukuma mpini mara moja na kuuacha. Pua huinama, mwendo huongezeka. Kwa kuongezeka mwendo mabawa hupata nguvu zaidi, pua hupanda yenyewe. Ikipanda mno mwendo hupungua, nayo hushuka tena. Huendelea hivyo polepole, kila mara kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka ndege hutulia pale ilipokuwa. Hakuna aliyeigusa.

Tabu ni kwamba mwanafunzi yule yule akirudishiwa mpini hawezi kuvumilia. Pua ikipanda huisukuma. Lakini alipoanza kusukuma ilikuwa tayari karibu kushuka yenyewe, basi hushuka mara mbili. Ndipo huvuta. Kile ambacho ndege ilikuwa ikikipunguza, yeye hukiongeza, kama mtu anayesukuma bembea akidhani anaizuia.

BAISKELI NA MASHUA

Ugomvi juu ya jambo hili ni wa tangu mwanzo. Huko Ulaya wabunifu wa kwanza walidhani kwamba ndege ni mashua ya angani: yapasa itulie yenyewe, na rubani aigeuze kwa usukani tu. Ndege za ndugu Voisin wa Ufaransa zilijengwa kwa fikira hiyo. Tarehe 13 Januari 1908 Henri Farman aliruka katika ndege ya Voisin, akazunguka na kurudi alikoanza, safari ya kilometa moja, akashangiliwa sana. Lakini ilimbidi azunguke kwa upana mkubwa, mabawa yakiwa karibu sawa, ndege ikiteleza kwa ubavu kama lori penye matope, kwa maana haikuwa na kitu cha kuinamishia mabawa.

Ndugu Wright wa Dayton, Marekani, walikuwa mafundi wa baiskeli. Waliijua baiskeli kuwa chombo kisichoweza kusimama chenyewe hata kidogo, lakini mtu aliyejifunza huiendesha bila kufikiri, na akitaka kukata kona huinama. Basi walijenga ndege isiyo na utulivu wa asili, wakauweka ubao wa kuinua pua mbele badala ya mkiani, na kuzipinda ncha za mabawa kwa nyaya. Tarehe 17 Desemba 1903 iliruka mara nne. Mara ya kwanza Orville alikaa hewani sekunde 12 akaenda futi 120, na njia nzima ndege ilipanda na kushuka ghafula, kwa kuwa ubao ule wa mbele uligeuka kwa wepesi mno na mkono wake haukuuzoea bado. Mara ya nne Wilbur naye alianza kwa kupandishwa na kushushwa vile vile, kisha akaipata, akaenda sawa, mpaka karibu na mwisho ilipoanza tena kurukaruka ikajigonga chini. Alikuwa amekwenda futi 852 kwa sekunde 59. Chombo hakikubadilika katika saa zile chache; mkono ndio uliokuwa ukijifunza.

Tarehe 8 Agosti 1908 Wilbur aliruka mbele ya Wafaransa karibu na mji wa Le Mans. Hakumaliza hata dakika mbili angani, lakini aliinamisha mabawa akazunguka mara mbili kwa mduara mwembamba uliokamilika, na wale waliomwita mwongo wakanyamaza. Hata hivyo watu wa Ulaya hawakukosea katika yote. Ndege isiyo na utulivu huchosha, wala haimsamehi aliyekengeuka kidogo. Mwaka 1910 ndugu Wright wenyewe waliuhamisha ubao wa mbele wakauweka mkiani, na tangu hapo ndege nyingi zimekuwa mahali fulani katikati: tulivu kiasi cha kumpumzisha rubani, nyepesi kiasi cha kumtii.

KUZUNGUKA KAMA PIA

Kona ya ndege yataka mkono na mguu kwa pamoja. Rubani akiinamisha mabawa kwa mkono peke yake, bawa linalopanda hukokota hewa zaidi kuliko linaloshuka, na pua huvutwa upande asioutaka. Mguu ndio unaosahihisha. Mbele ya rubani mna kigololi ndani ya kibomba cha kioo kilichopinda. Kigololi kikikaa katikati, mkono na mguu wake vinapatana. Kikienda kando, abiria huhisi wanasukumwa ubavuni, na ndege huruka kwa upande kama kaa.

Hapo juu mbinguni kosa hilo ni aibu tu. Karibu na ardhi ni mauti. Fikiri rubani anayekata kona ya mwisho ili ashuke uwanjani, naye amechelewa na kuupita mstari. Haoni vema kuinama zaidi akiwa chini namna ile. Basi hukanyaga pedali ili kuisukuma pua. Pua huanza kuinama, naye huvuta mpini. Sasa bawa la ndani ya kona lina mwendo mdogo kuliko la nje, tena limeinuliwa pembe kubwa mno dhidi ya hewa. Bawa la kawaida hubebwa mpaka pembe ifike kiasi cha digrii 15 hivi; ikizidi hapo hewa huachana na mgongo wa bawa na nguvu ya kubeba hupotea. Bawa la ndani huanguka kwanza, la nje huendelea kubeba, na ndege hupinduka na kuzunguka kama pia inayotupwa na watoto.

Kwa miaka ya kwanza ya urubani aliyeingia katika mzunguko huo alihesabiwa kuwa amekufa. Tarehe 25 Agosti 1912 Luteni Wilfred Parke wa jeshi la maji la Uingereza alikuwa akishuka katika ndege ya Avro, iliponaswa na kuanza kuzunguka. Alifanya kama kila mtu angalifanya: alivuta mpini, akakanyaga pedali kuufuata mzunguko. Haikusaidia kitu. Ardhi ikiwa karibu kabisa, aligeuza mguu na kukanyaga pedali ya upande wa pili, na mara ndege ikaacha kuzunguka ikatii, imebakiwa na futi 50 hivi. Alitua salama, akawaeleza wenzake kila alilofanya kwa mkono na mguu. Parke alikufa Desemba ya mwaka ule ule katika ajali nyingine, lakini maneno yake yalibaki. Mwaka 1917 mtaalamu wa fizikia Frederick Lindemann, aliyekuwa amejifunza urubani huko Farnborough, aliziingiza ndege makusudi katika mzunguko na kupima yanayotokea, na jambo lililokuwa uchawi likawa somo la darasani.

MKONO UNAOVUTA

Katika mambo yote ambayo mkono wa mwanadamu hufanya bila kuulizwa, kuvuta ndiko kunakoua zaidi. Mtu aonapo anashuka hutaka kupanda, na mpini ukivutwa pua hupanda. Kwa kawaida ni kweli. Lakini bawa lililokwisha kuachwa na hewa halirudishwi kwa kuvutwa, laongezewa maradhi. Dawa ni kusukuma, yaani kuielekeza pua kule kule unakoogopa kwenda, mpaka hewa ishike tena.

Walimu wenyewe wamegawanyika juu ya mwendo na kimo wakati wa kushuka. Wengine hufundisha kwamba mpini ni wa mwendo na kijiti cha injini ni cha kimo. Wengine husema kinyume chake. Ndege kubwa zenye nguvu hufuata kanuni ya pili bila matata. Lakini mwendo ukipungua kupita kiasi, kuinua pua huleta mkokoto mwingi kuliko ubebaji, na ndege huzidi kuzama huku pua ikitazama juu. Hapo wenye kanuni ya kwanza hucheka.

Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France ya aina ya Airbus A330 ilikuwa ikivuka bahari ya Atlantiki kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ikiwa na watu 228, kimo cha futi 35,000. Ndani ya mawingu ya dhoruba chembe za barafu ziliziba vibomba vya kupimia mwendo. Mita za mwendo zikadanganya, na mtambo wa kujiendesha ukajitoa, ukiwaachia ndege marubani wawili. Kiongozi wao alikuwa akipumzika. Ndege ilikuwa nzima. Mabawa, injini na sukani zote zilifanya kazi. Lau mtu angaliishika pua mahali pake pa kawaida na kuiacha nguvu ya injini kama ilivyokuwa, ingaliendelea kwenda hata vibomba vifunguke. Rubani aliyekuwa akiendesha alivuta. Ndege ilipanda karibu futi 38,000, mwendo ukaisha, mabawa yakaachwa na hewa. Kengele ya onyo ililia sekunde 54 mfululizo. Aliendelea kuvuta kwa sehemu kubwa ya muda uliobaki, na mwenzake hakuuona mkono wake, kwa kuwa katika ndege za aina ile mipini miwili midogo ya kando haikuunganishwa; mmoja ukisogea mwingine hautikisiki. Tangu mtambo kujitoa mpaka kufika majini zilipita dakika nne na nusu hivi. Hakuokoka mtu. Vyombo vya kuhifadhi habari vilipatikana chini ya bahari mwaka 2011, na ndipo ulimwengu ulipojua.

Kwa watu wa Nairobi hatari ya pembe hii iko karibu zaidi, kwa sababu mji uko juu. Viwanja vyake vina kimo cha zaidi ya futi 5,000, na hewa ni nyembamba. Ili mabawa yabebe sawasawa na Mombasa, ndege hapa huhitaji kwenda kasi zaidi juu ya ardhi, kama sehemu moja katika kumi, ijapokuwa mita ya mwendo husema ile ile. Mgeni akitazama majani yakipita upesi chini yake hudhani ana mwendo wa kutosha, akavuta mapema. Mjini humo humo, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliondoka Embakasi na watu 157. Vibawa vya mbele ya mabawa, vinavyoongeza ubebaji wakati wa kupaa, havikufunguka, kwa kuwa hewa ya kuvisukuma ilikuwa imefungwa. Ndege iliinuka, ikatetemeka, ikakataa kupanda. Hapo hapakuwa na ustadi wa kuisaidia: hakuna kimo cha kuishusha pua, hakuna mwendo wa kuiinua. Watu 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya mauti ya Boeing 747.

MGUU ULIOKANYAGA

Kosa lile la bembea, la kuchelewa kidogo kisha kuongeza, halikuachwa kwa wanafunzi. Ndege za vita za siku hizi hujengwa bila utulivu wa asili, kama ile ya ndugu Wright, na kompyuta huzishikilia kwa kusogeza sukani mara nyingi kila sekunde. Basi rubani akipeleka mpini huku na huku kwa nguvu na upesi, sukani huweza kufika mwisho wa mwendo wake na kuchelewa, na amri ya mkono ikafika wakati ndege imekwisha kwenda upande mwingine. Tarehe 8 Agosti 1993 ndege ya Gripen ya Sweden ilianza kuyumba hivyo juu ya mji wa Stockholm, mbele ya makundi ya watu waliokuja kutazama sherehe. Rubani aliruka kwa mwavuli. Ndege ikaanguka penye miti ya kisiwa kilicho katikati ya mji, na kwa bahati isiyosemeka hakuna aliyekufa. Rubani huyo huyo alikuwa ameokoka katika Gripen nyingine mwaka 1989, iliyopinduka wakati wa kutua kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

New York haikupata bahati. Asubuhi ya tarehe 12 Novemba 2001 Airbus A300 ya American Airlines iliondoka kwenda Santo Domingo, ikifuata nyuma ya Boeing 747. Ndege kubwa huacha nyuma yake hewa inayozunguka, kama mkondo nyuma ya meli. Airbus ilitikiswa na hewa hiyo mara mbili, mtikiso usiozidi kiasi. Rubani msaidizi, aliyekuwa akiendesha, alijibu kwa mkono na pia kwa mguu. Alikanyaga pedali ya kulia mpaka mwisho, kisha ya kushoto, kisha ya kulia tena, mara kadhaa katika sekunde chache. Kila alipobadili, mkia ulikuwa bado umeteleza upande mmoja huku usukani ukiupiga upande wa pili, na mizigo miwili ikajumlishwa. Bawa la wima la mkia lilibeba karibu mara mbili ya mzigo mkubwa liliotazamiwa kubeba katika kazi, likang'oka zima. Watu 260 waliokuwamo walikufa, na wengine 5 chini.

Uchunguzi uliomalizika mwaka 2004 ulisema pedali zilikanyagwa bila haja na kupita kiasi. Lakini haukumtupia mzigo wote rubani, na hapo ulitenda haki. Pedali za aina ile zilikuwa nyepesi mno kwa mwendo wa kasi. Kusogea kidogo, inchi moja na sehemu, kulitosha kuufikisha usukani mwisho wake. Tena mafunzo aliyopewa yalikuwa yamesisitiza matumizi ya mguu katika hewa iliyochafuka. Na marubani wengi wa ulimwengu waliamini kwamba chini ya mwendo fulani ndege haiwezi kuvunjwa na sukani zake, hata uzipeleke vipi. Sheria ilikuwa imeahidi hivyo kwa kukanyaga mara moja tu. Juu ya kukanyaga huku na huku haikuahidi neno.

USIKU WA DOUALA

Kuna mkono unaozidi na kuna mkono usiokuwapo. Habari ya pili Kenya yaijua kwa msiba wake.

Tarehe 5 Mei 2007, baada ya saa sita za usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala, nchi ya Cameroon, ikitoka Abidjan kuja Nairobi. Ilikuwa ndege mpya yenye watu 114. Mvua ya dhoruba ilikuwa imeichelewesha. Usiku ulikuwa mweusi, na mbele ya uwanja hapakuwa na taa wala nyota ya kumwonyesha mtu wapi ni juu na wapi ni chini.

Tangu kuacha ardhi ndege ilikuwa ikielekea kuinama kulia kidogo kidogo. Hilo si ugonjwa. Ndege kubwa hurudi yenyewe upesi pua yake ikisumbuliwa, lakini bawa likiinama utulivu wake ni dhaifu: bawa lililoinama kidogo huachwa liinamie zaidi, polepole, kama mtungi ulioegemezwa vibaya. Kwa hiyo kila rubani hutakiwa kulirudisha kwa vidole, na kiongozi wa ndege hii alifanya hivyo mara chache mwanzoni. Kisha akataja mtambo wa kujiendesha uwashwe. Msaidizi wake hakuitikia, na mtambo haukuwaka. Tangu hapo, kwa sekunde 55, hakuna mkono ulioendesha ndege ile. Kiongozi alidhani mtambo unaendesha. Mtambo haukuwa ukiendesha. Na msaidizi hakuwa akitazama.

Msomaji aweza kuuliza ni vipi watu wawili waketi ndani ya chombo kinachoinama wasihisi. Sababu imo ndani ya sikio. Mna mifereji midogo yenye maji, ambayo humwambia mtu kwamba amegeuka. Lakini ikigeuzwa polepole sana, maji hayaoni. Mtu aliyefungiwa gizani katika ndege inayoinama kidogo kidogo huhisi ameketi wima. Mita ya upeo mbele yake husema kweli, lakini yataka kutazamwa.

Bawa lilipofika digrii 34 sauti ya onyo ilitoka katika mashine. Kiongozi alishtuka akashika usukani, na mkono wake ulikwenda kulia, upande ule ule wa kuanguka. Kisha kushoto, kisha kulia tena. Akawasha mtambo, na kwa muda mfupi ukazuia kuinama kusizidi. Lakini akaendelea kushindana, akakanyaga pedali ya kulia. Msaidizi alisema kulia, kisha papo hapo akajisahihisha akapaza sauti kwamba ni kushoto. Ndege ilipinduka na kupiga mbizi katika kinamasi cha mikoko, kilometa zipatazo tano na nusu kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Tangu kupaa hazikutimia dakika mbili. Ingawa palikuwa karibu hivyo, mabaki hayakuonekana mpaka tarehe 6 jioni.

Taarifa ya wachunguzi wa Cameroon ilitolewa mwaka 2010. Ilieleza kupotewa na fahamu ya mahali angani baada ya kuinama polepole bila mita kutazamwa, na kukosa mapatano baina ya marubani wawili. Kiongozi alikuwa mtu wa saa nyingi angani. Msaidizi alikuwa kijana. Wanaojua desturi za kazi wataelewa jinsi ilivyo vigumu kwa mdogo kumwambia mkubwa, "Bwana, hatukuwasha." Maneno hayo yangalitosha, na muda wa kuyasema ulikuwapo.

Tangu miaka hiyo mashirika mengi ya ndege yameongeza mafunzo ya kuirudisha ndege iliyopinduka au kuachwa na hewa, na kanuni za kutoka katika hali hiyo zimeandikwa upya. Zamani wanafunzi wa ndege kubwa walisifiwa kwa kuitoa ndege bila kupoteza kimo hata futi moja, jambo lililowazoeza kuvuta mapema. Sasa hutakiwa kwanza kuishusha pua, na kimo kipotee kadiri kitakavyo.

Katika ndege ndogo za Nairobi somo ni la kale zaidi. Wakiwa juu ya nyika, kimo cha kutosha, mwalimu humwagiza mwanafunzi ainamishe kichwa na kufumba macho. Huchukua mpini mwenyewe, huigeuza ndege huku na huku, kisha huliinamisha bawa moja kwa upole mno hata mwanafunzi angeapa kwamba wamekaa sawa. Halafu husema, "Fumbua. Rudisha." Wengi mara ya kwanza hunyakua mpini kabla hawajatazama kitu. Mwalimu huurudisha mkono wao magotini, naye huanza upya. Mara ya tatu au ya nne mwanafunzi hufumbua macho, hutazama mita ya upeo kwanza wala si dirisha, hutaja kwa sauti upande bawa lilikoinamia, na ndipo mkono wake huondoka magotini.